Gobori la Denzil

Asubuhi ile tulikuwa watatu kwenye benchi mbele ya duka la mbegu, pale barabara ya kanisani inapokutana na ile ya mtoni, na bunduki ya marehemu kaka yangu Denzil ilikuwa mapajani mwangu. Aliitengeneza mwenyewe: gobori refu la gumegume, la kuwashwa kwa jiwe na kushindiliwa baruti mdomoni, kitako cha mti wa jozi. Mazishini mwake nilipiga risasi moja ya kumuaga, kisha miaka mitatu sikulenga shabaha. Mwezi uliopita nilirudi uwanjani. Jumamosi ni mashindano ya kumkumbuka, na binti yake Retha aliomba aanze yeye, kwa bunduki ya baba yake. Nami tangu nirudi sijagusa hata ukingo wa ubao wa shabaha. Wenzangu ni Dole, ambaye msumeno ulimwachia vidole tisa, na Redio, asiyezimika. Mimi wananiita Shemasi, maana ndiyo kazi yangu kanisani.

— Risasi tano jana, Shemasi, akasema Dole, na karatasi ya shabaha bado mpya. Ungeweza kuitumia kuandikia barua.

— Ni baruti, akasema Redio. Baruti ya siku hizi ni unga wa keki.

— Mbona mimi natumia hiyohiyo na napiga?

— Wewe unapiga kelele, Dole. Basi ni mate. Denzil alikuwa akilowesha kitambaa cha kufungia risasi kwa mate ya tumbaku. Shemasi hatafuni. Bunduki imeonja, imekataa. Mkono mtupu haulambwi, bwana!

— Sasa mkono umeingiaje?

— Umeingia na mate.

— Acha hizo. Mimi nasema ni mlima. Tangu wapasue ile barabara mpya, mlima wa nyuma ya uwanja umesogea. Milima haikutani, ndiyo maana kila mmoja unahama kivyake.

— Ubao uko hatua hamsini, we mzee! Mlima unaugusa wapi?

— Haya, basi ni Denzil mwenyewe, akasema Dole. Anaipindisha risasi kutoka hukohuko aliko. Hakumruhusu hata mkewe aiguse hii bunduki. Ana wivu, marehemu.

Wakacheka. Kisha Redio akakumbuka nipo, akavua kofia.

— Utusamehe, Shemasi.

— Huenda ndivyo, nikasema.

Bwana anisamehe. Nilisema hivyo, nikanywa kahawa.

Basi la shule likasimama kando ya barabara, tupu. Retha ndiye dereva wake. Akashuka, akatusalimu, akaichukua bunduki mapajani mwangu bila kuomba. Akanusa mdomo wa mtutu.

— Wazee, siku ya mazishi, baada ya ile risasi, nani aliiosha?

Dole akamtazama Redio. Redio, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, akazimika. Huku kwetu hata mtoto wa miaka kumi anajua: baruti yetu ikiungua huacha chumvi, na mtutu ukilala nayo usiku mmoja tu bila maji ya moto, asubuhi chuma kinaliwa.

— Si Shemasi? akasema Dole polepole.

— Sikuiosha, nikasema. Nilifika nyumbani, nikaitundika. Nilishindwa hata kuteleka maji.

— Na hukujua, baba mdogo?

— Nilijua. Siku niliyorudi uwanjani, kitambaa cha kwanza cha kusafishia kilitoka mtutuni chekundu kwa kutu. Nikakificha mfukoni.

— Na sisi tumekaa hapa tukisema Denzil ndiye anayepindisha risasi! akasema Dole.

— Na hapa ukawaacha wamsingizie baba.

— Niliwaacha, mwanangu.

Retha aliingia dukani, akatoka na birika la maji yaliyokuwa yakichemka kwa kahawa yetu ya pili. Redio alikuwa amenyoosha kikombe, akakirudisha. Retha akamimina maji yote mtutuni. Yalitoka kwenye tundu dogo la kuwashia, rangi ya tofali.

— Shika mdeki, baba mdogo. Utasugua wewe.

Nikauchomoa chini ya mtutu, nikaufunga kitambaa, nikasugua. Kitambaa cha kwanza kilitoka chekundu. Cha tano chekundu. Dole alikuwa akihesabu kwa vidole, vikamwishia.

— Sasa kahawa? akanong'ona Redio.

— Leo hakuna, akasema Retha.

Akanipa kitambaa cha kumi.