Gauni la Kijani Ambalo Halikukatwa

Ndugu zangu, tangu nilipoingia mlangoni macho yenu yako kwenye gauni langu, kwa hiyo sitawachosha na salamu ndefu. Litazameni vizuri. Ni la kijani, lina mikono mirefu na mfuko mmoja ubavuni. Mkishamaliza kulitazama nisikilizeni, maana nataka kuwaeleza limefikaje mwilini mwangu. Mama unayecheka pale karibu na chai, cheka tu. Hata mimi nilicheka siku niliyojiona kwenye kioo. Watu sitawataja majina, hata yule aliyeniumiza. Ana watoto, na Durban ni ndogo kwetu sisi.

Mimi ni mtoto wa kwanza. Kwetu Congo mkubwa wa nyumba anaitwa yaya, awe mwanamume au mwanamke. Ndugu zetu wa Tanzania, najua kwenu yaya ni mtu anayelea watoto wa wengine. Hamjakosea sana. Baba alifariki nikiwa na miaka kumi na minne. Mama akamfuata nikiwa na kumi na mitano, nami nikaacha shule mwaka wa pili wa sekondari ili nilee wadogo watatu. Wa mwisho, wa kike, alikuwa hajaanza kutembea. Hakulala mpaka afungwe mgongoni kwa kitenge cha mama. Basi nilimfunga, nikapika naye, nikafua naye. Majirani walisema, "Ona kijana anavyojitesa." Kile kitenge hakikunitesa hata kidogo.

Sisemi kwamba kufiwa ndiko kulikonifanya hivi. Mama akiwa hai aliwahi kunikuta nimevaa viatu vyake vya kanisani. Alisema tu, "Usivikanyage nyuma, vitaharibika," akaendelea kuchambua maharage. Ni nini hiki nilicho nacho, sijui hadi leo, na nimeacha kukitafutia jina. Najua tu kwamba nikivaa gauni mabega yangu hushuka, kama ya mtu aliyetua ndoo.

Tulifika Durban wote wanne, msininyime hilo. Nilitengeneza simu kwenye meza ya barabarani, kisha nikapata kazi kiwanda cha plastiki Pinetown. Wadogo wawili wa katikati walikua wakaondoka, mmoja Cape Town, mwingine ng'ambo. Nikabaki na wa mwisho kwenye chumba na sebule kule Point. Yeye anafanya kazi saluni. Mimi siku yangu ya mapumziko ilikuwa Jumanne.

Jumanne ndiyo siku niliyokwenda dukani. Nasema lile duka kubwa la ghorofa, lenye manukato chini na nguo za kike juu. Asubuhi ya Jumanne hakuna watu. Nilipanda ngazi za umeme na simu sikioni, nikijifanya kuongea na mtu. "Allô, mdogo? Oui, niko dukani. Unataka ya mikono mirefu? Saizi gani?" Nikishika gauni, nikiliinua, nikilipima kwa macho. "Hii ya kijani? Sawa, mdogo, ngoja niangalie." Ndugu zangu, upande wa pili hakukuwa na mtu. Siku moja simu ikalia kweli, sikioni mwangu, katikati ya sentensi. Mama mmoja wa Kihindi aliyekuwa kando yangu alinitazama, akatazama simu, akasogea polepole kwenye soksi.

Chumba cha kujaribia nguo sikuthubutu kukikaribia. Nilinunua kwa kukisia, nikafika nyumbani, nikafunga mlango, na kila mara gauni likanibana mabegani. Mabega haya yamebeba sana. Nikarudisha. "Dada yangu hakulipenda," nilimwambia yule wa kaunta. Mara ya tatu alicheka. "Eish, huyu dada yako ni mgumu! Mlete mwenyewe siku moja." Nikasema, "Siku moja nitamleta."

Nikajifunza kuchukua saizi kubwa zaidi, na machache yakabaki kwangu, chini ya kitanda. Lakini mara nne mdogo wangu aliwahi kurudi mapema akanikuta sebuleni na mfuko wa duka.

"Yaya, hii iko ya nani?"

"Yako."

Ningesema nini tena? Mtu mwenyewe ni mwembamba kama mche wa sabuni. Alilipokea kwa mikono miwili, akasema asante, na Jumapili akalivaa kanisani. Nilishangaa kwamba lilimkaa. Nilidhani nimekosea saizi tena. Kwa njia hiyo magauni yangu manne yaliingia kabatini kwake, na la nne ndilo hili la kijani. Nililipenda kuliko yote. Kila Jumapili alipolivaa nilisimama nyuma yake kwenye kwaya, nikilitazama mgongoni kwake kama mtu anayetazama nyumba aliyowahi kukaa.

Sasa nifike pale nilipoanguka.

Ilikuwa Jumanne. Nilichoka kukisia. Nikachukua magauni matatu nikaenda nayo vyumba vya kujaribia. Pale mlangoni unapewa kibao cha plastiki chenye namba ya nguo ulizobeba. Kijana wa upande wa wanaume akanipa kibao cha namba tatu, kisha akaona nilichobeba. "Hizi ni za kike. Nenda upande ule." Nikaenda upande ule. Msichana wa pale akasema, "Huku ni wanawake tu. Rudi upande ule." Vyumba vya wanaume kushoto, vya wanawake kulia, na mimi katikati, kwenye zulia, na kibao cha namba tatu mkononi. Watu wakaanza kugeuka. Msichana akamwita mlinzi.

Mlinzi alipokuja nikafurahi, mnaamini? Nilimjua. Mtu wa kwetu, tunasali pamoja. Nikadhani nimepona. Akaninong'oneza kwa Kiswahili, ili wengine wasisikie:

"Kaka, unafanya nini? Weka hizo nguo chini. Unatuaibisha sisi."

Nikaziweka. Akanisindikiza hadi mlangoni, mkono wake mgongoni mwangu, taratibu, kama unavyomtoa mgonjwa. Angenitukana kwa Kizulu ningesahau. Lakini alisema *sisi*. Nilitembea hadi Point kwa miguu, robot baada ya robot, hizi taa za barabarani, nikilihesabu lile neno. Sisi ni mama yangu. Sisi ni wadogo niliowabeba. Sisi ni kwaya. Kama sisi wako upande ule, mimi niko na nani?

Nikatupa nguo zote nilizoficha chini ya kitanda. Nikaacha kwaya. Kanisani nilisema nimebadilishiwa zamu. Kiwandani nilikula peke yangu nyuma ya mapipa, nyumbani nilikula kabla mdogo wangu hajarudi. Akiniuliza, "Yaya, unaumwa?" nasema mgongo. Jumanne nilikaa kitandani nimevaa nguo za kazi, nikisikiliza lifti ikipanda na kushuka. Ilikuwa miezi mingi. Nawaambia, hakuna aliyenifukuza mahali popote. Nilijifukuza mwenyewe kila siku asubuhi, kabla watu hawajaamka.

Ndipo mdogo wangu akapata mchumba. Kijana mzuri, na wa kanisa letu. Mnajua desturi: siku ya kujitambulisha, ukoo wa kijana unakuja kupiga hodi, na ndani lazima awepo mkubwa wa kujibu, "Ni nani, na mnatafuta nini?" Asipojibu mtu, wageni wanasimama nje. Baba hayupo, mama hayupo. Wa kujibu ni mimi. Na yule mlinzi ni mjomba wa mchumba.

Nikamwambia mdogo wangu siku hiyo nina zamu Pinetown.

"Jumamosi? Wewe hufanyi Jumamosi."

"Nitamwomba mzee wa kanisa akujibie."

"Mzee wa kanisa ndiye alinibeba mgongoni?"

Akaendelea kunitazama. Kisha akaenda chumbani, akarudi na yale magauni manne, akanitupia mapajani.

"Yageuze ndani nje."

Nikageuza la kijani. Ndugu zangu, ubavuni mwote, kutoka kwapani hadi kiunoni, na kwenye mabega, kulikuwa na kitambaa kilichokunjwa vidole vitatu na kushonwa kwa mkono, uzi mrefu mrefu, wa kufumuliwa kwa kuvuta mara moja. Nikageuza la pili. Hivyo hivyo. Yote manne.

"Nilikunja tu," akasema. "Sikukata hata moja. Nilijua mwenyewe atakuja kuyataka."

"Ulijua tangu lini?"

"Yaya, nani ananunulia mtu wa kilo hamsini gauni la mabega hivi? Nilikuwa nakungoja useme. Nimechoka kuvaa nguo zako, zinanipa joto."

Nililia hadi nikashindwa kupumua vizuri. Yeye alikaa sakafuni kando ya miguu yangu, ameshika upindo wa gauni. Nilipotulia akaniuliza ni nani aliyenifanyia nini. Nikamwambia yote, hadi lile neno. Akanyanyuka, akajifunga kitambaa kichwani. Ilikuwa Jumanne.

"Vaa viatu. Tunarudi dukani."

"Sina cha kununua."

"Hatununui. Tunajaribu."

Sikutaka. Lakini mtu uliyembeba mgongoni akikushika mkono, utamkatalia vipi? Mlinzi alikuwa mlangoni. Mdogo wangu akamsalimia vizuri, "Habari ya kazi, mjomba," akapita. Mjomba akatafuta kitu cha kutazama kwenye dari. Tukachukua magauni manne mengine, ya dukani. Kwenye vyumba vya wanawake siku hiyo alikuwepo mama mmoja wa Kizulu, mtu mzima, miwani imening'inia kifuani. Mdogo wangu akamwambia, "Ni za yaya wangu, huyu hapa. Tunaomba chumba." Yule mama akanitazama kuanzia viatu hadi kichwa. Moyo wangu ulikuwa ukipiga mpaka kwenye meno. Akahesabu nguo, akanipa kibao cha namba nne.

"Nenda cha mwisho," akasema. "Hivi vingine ni pazia. Kile kina mlango, na unafungika."

Basi. Hakuna hotuba.

Nilijifungia mle ndani. Kulikuwa na kioo kirefu, taa kali, na kibanio cha nywele cha mtu sakafuni. Miaka yote hiyo sikuwahi kujiona mzima, kichwa hadi miguu. Nyumbani tulikuwa na kioo cha kunyolea tu. Nilivaa la kwanza. Likabana mabega. La pili likabana. La tatu halikupita hata kichwani, nikakwama, mikono juu, nikaanza kucheka peke yangu mle ndani, na mdogo wangu nje akasikia, naye akaanza. "Yaya, nikuitie zimamoto?" La nne likabana pia. Nilitoka na nguo zote mkononi, natoka jasho.

Yule mama akavaa miwani yake. "Hakuna lililokaa?"

"Hakuna hata moja."

Akatikisa kichwa kwa huruma, kama anavyomhurumia mteja yeyote. "Eish. Pole, sisi. Wiki ijayo zinaingia saizi kubwa. Rudi."

Mnaokaa Durban mmeshaelewa. Kwa Kizulu *sisi* ni dada. Tulipofika mji huu mara ya kwanza tulidhani kila mwanamke anaitwa kwa wingi. Yule mama alimaanisha dada tu, neno la kila siku, labda hata hakulifikiria. Lakini masikio yangu ni ya Kiswahili. Nilisikia yote mawili kwa pamoja. Neno nililovuliwa kwenye lile zulia nilirudishiwa hatua tatu kutoka palepale, na mtu asiyejua lugha yangu.

Jumamosi ilipofika nilivaa suti. Nilitaka hivyo mwenyewe, ilikuwa siku yake, na nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha baba. Walipopiga hodi nilijibu kwa sauti mpaka majirani wa ghorofa ya juu wakafungua madirisha. Yule mjomba aliingia na wengine. Hakunitazama, wala hajaniomba radhi hadi leo. Nilimpakulia nyama mwenyewe, nikamwekea kipande kizuri. Sijui kama nimemsamehe. Najua alikula kwangu.

Nimebaki peke yangu Point sasa. Mdogo wangu ameolewa, na sitawadanganya, jioni ni ndefu. Jumapili wengine kanisani bado wanasogea nikikaa. Ila sili tena peke yangu nyuma ya mapipa, na simu yangu nikiiweka sikioni kuna mtu upande wa pili.

Nawashukuru ninyi mnaokutana kwenye chumba hiki hapa Overport, mlionipa kiti kabla ya kuniuliza swali. Namshukuru yule mama wa kibao, ambaye hajui alichofanya. Na mdogo wangu, amekaa pale nyuma, anajifanya anapanga vikombe. Yeye namshukuru kwa sindano yake.

Fundisho langu ni dogo, la mtu aliyeachia shule njiani. Kuna siku mtu wako hatawaenea watu, na itabidi umpunguze kidogo ili apite. Kunja. Usikate.

Uzi mdogo wangu aliufumua mwenyewe, usiku wa kuamkia harusi yake, akakataa nimsaidie. Mkinisogelea wakati wa chai mtaona ubavuni mstari wa matundu madogo, pale ulipopita. Nimepiga pasi mara nyingi, hayajaziba. Lakini gauni, ndugu zangu, tazameni. Linanienea.