Jinsi Bwana Alivyoitenga Mito Yetu na Majeneza

Bwana asifiwe sana, ndugu zangu, na anayesinzia aguswe na jirani yake. Mimi ni Bibi Holo, mzaliwa wa Mwamapalala, niliolewa hapa Bariadi. Shule nilisoma kidogo tu nikaitwa kuchunga ng'ombe, lakini ushuhuda wangu leo ni wa kompyuta.

Kina mama tulikuwa na kikundi cha kushona mito ya pamba. Soko huria lilipokuja, mito ya sponji ikashushwa kwa malori, miepesi kama maandazi, na watu wakatusahau. Wanunuzi binafsi wakawa wanapita majumbani wakiitaka pamba yetu. Wenzangu wakasema wateja wasipopatikana kabla ya mavuno, pamba tuiuze, cherehani tugawane, kila mtu kwake. Ndugu zangu, nililia. Kikundi kile ndicho kilichoniinua nilipofiwa na mume.

Mjukuu wangu Minza ni fundi wa kompyuta, na akili hiyo kaitoa kwangu. Akatutengenezea tovuti. Hakuja mtu. Akatueleza kwamba tovuti hupata wageni kwa kubadilishana viungo: wewe unaonyesha watu njia ya kwangu, mimi ya kwako. Akasema ipo programu ya kutafuta wenzi wanaofaa. Kina mama wakacheka. Programu ya nini? Msukuma hamfukuzi anayebisha hodi. Kikao kikaamua kila anayeomba akubaliwe.

Wakaja! Muuza dawa ya minyoo ya nguruwe, wachezesha kamari, mpiga ramli, na bwana mmoja wa majeneza. Simu ya kwanza ikatoka Maswa, mtu anauliza kama marehemu hupewa mto mmoja au miwili. Mwenyekiti wetu alikata simu akakaa chini. Mzee wa kanisa naye akaiona ile kamari kwenye tovuti yetu, akaja kuniuliza kwa upole kama nimerudi nyuma kiroho.

Nikaingia kwenye maombi. Nikiwa magotini Bwana akanikumbusha mambo ya posa. Mgeni tunampa ugali hata kama hatumjui, lakini binti hatumtoi mpaka mtu ametumwa kuuchunguza ule ukoo. Nikamwendea Minza na kanga ya maombi bado kichwani.

"Hiyo programu yako, inachunguza ukoo?"

"Bibi, hiyo ndiyo kazi yake. Inaangalia wanauza nini na wanakaa na nani."

"Basi itume. Na hao wa majeneza uwaage vizuri, tutawahitaji siku moja."

Ndugu zangu, ile programu ni mshenga asiyekunywa pombe wala kudai kuku! Ikatuletea fundi vitanda wa Mwanza, mama mfuma mashuka, na nyumba ya wageni karibu na mbuga. Minza akawakagua mmoja mmoja, akawaandikia kwa heshima, salamu kwanza. Wakakubali. Wateja wa vitanda wakaanza kuulizia mito, na ile nyumba ya wageni ikataka ya vyumba vyake vyote. Mnunuzi wa pamba alipopita tena, alitukuta tumekaa kwenye mkeka tunashona, wala hakuna aliyenyanyuka.

Namshukuru Mungu aliyetuweka pamoja. Kama upo hapa na kazi yako imekwama, usimwache Yesu. Njoo Jumatatu nyumbani kwangu tukuombee, na uje na sindano, maana mito ni mingi.