Mama Mvuke Alivyojifunza Upole

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo, jikoni, kazini, au mmekaa tu mnapumzisha miguu, karibuni. Vuteni kiti. Leo tunamkumbuka mama mmoja aliyefua nguo.

Ndiyo, nimesema aliyefua nguo. Alifanya kazi katika chumba cha kufulia cha hospitali kwa miaka thelathini na mmoja. Jumamosi iliyopita, asubuhi, alifariki akiwa nyumbani kwake, mumewe na binti yake wakiwa pembeni. Alikuwa na miaka sabini na minane. Wote waliomjua walimwita Mama Mvuke, na hata wajukuu zake walimwita Bibi Mvuke.

Jina hilo alilipata kazini. Wengine watakwambia ni kwa sababu ya mvuke wa pasi kubwa za pale hospitalini. Mumewe, fundi mwashi mstaafu, anacheka akisikia hivyo. Anasema, "Wanamsitiri tu marehemu. Mvuke ulikuwa unamtoka yeye mwenyewe. Mke wangu alikuwa akikasirika, hata paka anatafuta mlango."

Basi tuanze hapo, wasikilizaji. Mama Mvuke alikuwa na hasira za karibu.

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mchapakazi wa kupigiwa mfano. Alianza kazi akiwa msichana, akawa mfanyakazi wa kawaida kwa miaka tisa. Kisha akapewa usimamizi. Chumba kile kilikuwa na mashine sita za kufulia, pasi mbili za mvuke, meza ndefu ya kukunjia mashuka, na wanawake kumi na mmoja. Alikiendesha kama saa. Shuka lililokunjwa vibaya alilirusha mezani. Mtu akichelewa, alipewa vipande vyake mbele ya wenzake, na maneno yenyewe hayakuchujwa.

Na Jumapili? Jumapili Mama Mvuke alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani. Alisali vizuri, akaimba vizuri, akafundisha vizuri. Alifundisha uvumilivu. Alifundisha upole. Binti yake, ambaye ndiye kitinda mimba, anakumbuka: "Tulikuwa tunatazamana na kaka zangu. Mama anafundisha upole, na asubuhi ile ile ametufokea sote kwa sababu ya kiatu kimoja."

Sasa sikilizeni kilichotokea.

Alikuja mfanyakazi mpya. Binti wa miaka ishirini na minne, aliyekuwa akimuuguza mama yake. Hakuwa msemaji, kwa hiyo wenzake wakamwita Kimya. Siku moja hospitali ikapokea mashuka mapya ya wodi ya watoto, ya bluu, laini, mazuri. Mashuka arobaini. Yalitakiwa kufuliwa kwanza, kwa dawa ya kutoa madoa na kuua vijidudu. Wafuaji wa hospitali wanaijua dawa hiyo. Kikombe kimoja huua vijidudu. Vikombe viwili huua na shuka lenyewe.

Mashine namba nne ilipofunguliwa, mashuka yalitoka na mabaka meupe kama ngozi yenye ugonjwa. Yote arobaini. Aliyekuwa amesimama karibu na mashine ile ni Kimya.

"Nilikwambia kikombe kimoja!" Mama Mvuke alipaza sauti mpaka wauguzi wa korido wakachungulia. "Kimoja! Hujui kuhesabu mpaka moja?"

"Mama, mimi sikutia hata tone," Kimya akasema.

"Kwa hiyo imejitia yenyewe? Na uongo juu yake! Mzembe mkubwa wewe!"

Jioni ile Mama Mvuke aliandika taarifa kwa muuguzi mkuu. Siku ya tatu Kimya akaondolewa kazini. Alivua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka mezani, akatoka.

Zikapita wiki tatu. Mama Mvuke, kama kawaida yake, alifika wa kwanza kazini, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Alikuwa peke yake. Akapakia mashuka mashine namba nne, akatia dawa, akaenda kupokea simu ofisini. Aliporudi akakuta kifuniko bado kiko wazi. Akapima dawa, akatia, akafunga, akawasha. Alipokuja kufungua, akakuta mabaka meupe.

Alisimama pale, shuka mkononi linachuruzika maji mpaka kwenye viatu. Akakumbuka. Siku ile ya mashuka ya watoto alifika wa kwanza vilevile. Alitia dawa. Muuguzi mkuu akamwita. Aliporudi, akatia tena. Kimya alikuwa amefika tu na kusimama pale.

Narudia, wasikilizaji, maana hicho ndicho kiini cha habari yenyewe. Kosa lilikuwa la Mama Mvuke. Aliyefukuzwa ni Kimya. Na yeye aliamini duniani hapa hakuna mtu mwingine aliyejua.

Mchana alikwenda nyumbani kula. Mumewe anasimulia. "Alinieleza yote. Nikamwambia, mama watoto, ukilisema hili watakushusha cheo. Akaniuliza, nikinyamaza je, Jumapili nitasimama vipi mbele ya wale akina mama? Nikamwambia, utasimama kama ulivyosimama siku zote. Akanitazama, akasema, ndiyo hilo linaloniogopesha."

Kesho yake alikwenda kwa muuguzi mkuu, akaeleza. Muuguzi mkuu alikuwa mwanamke mwenye busara. Akasema yaishie ofisini, Kimya atafutiwe kazi kwenye wodi mojawapo, watu wasijue. Mama Mvuke akakataa.

"Nilimfokea hadharani," akasema. "Siwezi kumsafisha chumbani."

Akarudi kwenye chumba cha kufulia. Akasema, "Zimeni mashine." Wafanyakazi wakatazamana. Mashine zile hazikuwa zikizimwa mchana. Wakazima, moja baada ya nyingine, mpaka kukawa kimya, bomba tu likidondoka.

"Yale mashuka ya watoto niliyaharibu mimi," akasema. "Nilitia dawa mara mbili. Yule binti aliniambia ukweli, mimi nikamwita mwongo. Na ninyi nimewatukana miaka kumi. Naomba mnisamehe. Basi. Washeni."

Mmoja wa waliokuwapo alituambia hakuna aliyeinua mkono kuwasha. Ikabidi awashe mwenyewe.

Walimshusha cheo. Miaka kumi ya usimamizi ikaishia hapo. Akarudi kuwa mfanyakazi wa kawaida, kwenye meza ya kuchambua nguo chafu, kazi wanayopewa wageni. Akajikaza kisabuni. Kisha akaanza kumtafuta Kimya.

Alimpata mtaa wa pili kutoka sokoni, kwenye ua wa nyumba ya watu, akifanya kibarua cha kufua kwa mikono. Kimya mwenyewe, ambaye leo ni mama wa makamo, alituhadithia.

"Nilikuwa naanika. Nikamwona katikati ya nguo. Nikamuuliza, umefuata nini? Akasema, nimekuja kukwambia ni mimi. Nikamwambia, kwamba ni wewe nilijua siku nyingi, maana wa kwanza kufika siku ile ulikuwa wewe. Halafu akasema, nimewaambia wote, na kazi yako ipo, rudi. Akaniomba msamaha. Nikamjibu kweli ya moyo wangu. Nikamwambia, kazini nitarudi, mama yangu anahitaji dawa. Lakini kukusamehe, bado. Akasema, sawa mwanangu. Akachukua upande wa pili wa shuka nililoshika, tukalikamua pamoja, akaondoka."

Wasikilizaji wapendwa, ingekuwa hadithi ya kupendeza, ningewaambia kwamba toka siku ile Mama Mvuke akawa malaika. Hapana. Hasira zilikuwa pale pale. Na sasa hakuwa hata na cheo cha kuzifunikia.

Kilichobadilika ni kwamba aliamua kujifunza upole kama mtu anavyojifunza ufundi. Kwanza kwa sala. Sala yake ilikuwa fupi, binti yake aliisikia mara nyingi: "Bwana, nisaidie mpaka saa nne. Saa nne nitarudi tena." Na saa nne kweli alirudi. Alisimama nyuma ya kabati la sabuni, macho ameyafumba, midomo inacheza, akaomba mpaka saa saba. Alisema siku nzima ni mzigo mkubwa, hawezi kuubeba kwa mara moja.

Pili, kwa maji. Kila maneno yalipompanda, alikwenda kwenye bomba, akajaza bilauri, akanywa yote polepole ndipo ajibu. Wenzake wakaanza kuhesabu. "Leo Mama Mvuke yuko bilauri ya tano, nani kamuudhi?" Siku moja pasi iliunguza shati la daktari. Aliyeunguza alimwona Mama Mvuke anaelekea bombani, akamkimbilia na jagi zima. Watu walicheka mpaka wakaketi chini. Na yeye akacheka. Ndiyo mara ya kwanza, wanasema, walimsikia akicheka kazini.

Kanisani aliomba kuacha uongozi. Akina mama wengine wakasema afadhali aache, amewaaibisha. Wengine wakakataa. Mwishowe akabaki, lakini masomo yake yakawa mengine. Kila somo alianza na kosa lake la wiki ile. Jirani yake mmoja anasema, "Zamani tulikuwa tunatoka tumeonywa. Baada ya hapo tukawa tunatoka tuna moyo wa kujaribu."

Miaka minne baadaye, nafasi ya msimamizi ilipokuwa wazi, alipewa Kimya. Ndiyo, Kimya huyo huyo. Na Mama Mvuke akawa chini yake, akipokea maagizo kwa mtu aliyemfukuzisha. Siku ya kwanza alimpelekea orodha ya mashuka, akasema, "Bosi, yapo tayari." Hakuwa na kejeli hata chembe. Kimya anasema alikuwa akingoja kejeli wiki nzima, haikuja.

Na msamaha? Subirini.

Siku moja Kimya naye, amechoka, mama yake amelazwa, aliona foronya zimechanganywa na taulo za wodi ya upasuaji. Akamgeukia mfanyakazi aliyekuwa karibu, akafungua mdomo. Halafu akaufunga. Akaenda bombani, akajaza bilauri, akanywa. Alipogeuka akamkuta Mama Mvuke anamtazama kutoka mezani.

"Sikuwa nimepanga," Kimya anasema. "Nilijikuta tu nakunywa maji. Tukatazamana, tukaanza kucheka. Tulicheka mpaka machozi. Nikaenda nikamkumbatia, na taulo chafu zote zile katikati yetu. Nikamwambia, mama, yameisha. Kwangu mimi yameisha. Akaniambia, mwanangu, miaka mitano nakungoja, ungeniambia nioge kwanza."

Mama Mvuke alifanya kazi chini ya Kimya miaka minane, mpaka alipostaafu. Nilimuuliza mumewe kama mkewe aliwahi kusikitikia kile cheo. Akatikisa kichwa. "Miaka ile kumi ya usimamizi alikuwa anarudi nyumbani amekunja uso, chakula anakula kama anagombana nacho. Ile kumi na miwili ya mwisho alikuwa anarudi na vichekesho. Mimi mumewe ndiye niliyefaidi."

Alipostaafu aliendelea kulea wajukuu, kupanda mboga nyuma ya nyumba, na kutembelea wagonjwa siku za Jumatano. Kimya alikuwa akipita kwake kila Jumamosi. Wiki za mwisho, mwili ulipoisha nguvu, Kimya ndiye aliyekuwa akimwogesha, akipokezana na binti yake.

Binti yake anasema siku chache kabla ya mwisho alimuuliza, "Mama, sasa unaweza kusema umeishinda ile hasira?"

Mama Mvuke akafikiri. Akasema, "Bado. Jana nilimkasirikia yule muuguzi anayekuja kunipiga sindano. Sikulala vizuri. Leo alipokuja nikamwomba radhi."

"Akasemaje?"

"Akasema hakugundua kama nilikasirika." Kisha akatabasamu. "Basi kidogo nimesogea, sivyo?"

Jumamosi asubuhi, baada ya sala, alilala usingizi ambao hakuamka.

Kwa mume wake, mzee wetu, pole sana. Nyumba itakuwa na nafasi kubwa kuliko ulivyozoea. Kwa binti na kaka zake, poleni. Kwa wajukuu, poleni, bibi yenu aliwapenda. Kwa Kimya, ambaye amefiwa kama mtoto wa kuzaliwa, pole, dada. Na kwa wote wa chumba kile cha kufulia, wa zamani na wa sasa, tunawashika mikono. Mwenyezi Mungu ampumzishe pema.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, nina neno moja tu. Tangu nianze kusimulia, huenda kuna mtu amekujia akilini. Labda ulimfokea, na yeye hakuwa na kosa. Labda ni wa nyumbani kwako, labda humwoni tena. Sitakuuliza ni nani.

Tumezoea kuweka wimbo hapa. Leo hatutaweka. Tutanyamaza dakika mbili, redio ikiwa wazi, ili upate nafasi ya kunyanyuka na kwenda kuzungumza naye.

Nenda. Sisi tupo.