Lindsay Trewin, Ambaye Hakubeba Maziwa

Marehemu Lindsay Arthur Trewin alizaliwa tarehe 9 Mei 1953 hapa Cobden, Victoria, akiwa kitindamimba wa Mzee Arthur na Bi Elsie Trewin, wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Mimi dada yake, Merle, ndiye niliyembeba, na alikuwa mzito.

Shule aliiacha mwaka 1968, wala haikumlilia. Alijifunza ufundi bomba mjini Colac, na mwaka 1979 akanunua lori la kunyonya majitaka pamoja na vyoo vya kukodisha. Mbio za farasi, maonyesho ya kilimo, fainali za mpira: palipokuwa na umati, Lindsay alikuwa ametangulia. Watu walimtania kwa jina la Waridi, naye aliitika. Choo kichafu tu ndicho hakukivumilia.

Alimwoa Glenys Pascoe tarehe 14 Machi 1987, wakajaliwa mtoto mmoja, Tegan.

Tegan alipoanza sekondari, aliwaambia wenzake kwamba baba yake hukusanya maziwa mashambani. Kwa mji wetu, huo ni uongo wa heshima, maana huku nusu ya wanaume wanaendesha malori ya maziwa. Lindsay alijua. Hakumgombeza. Alipompeleka shule alimshusha mtaa wa nyuma, akaondoka polepole.

Mwaka 2004 walikuja watu wa filamu kutoka Melbourne. Walitaka kutengeneza filamu ya kuchekesha kuhusu kazi yake, na aigize yeye mwenyewe. Alitamani sana, lakini aliwajibu kwamba bila ruhusa ya binti yake hapigwi picha. Jioni ile nilikuwapo mezani.

"Mwanangu," alimwambia, "nikitokea humo, mji mzima utajua sibebi maziwa. Ukikataa, yameisha, na sitakununia."

Tegan alilia kwanza. Kisha akasema, "Wanajua, Baba. Wanajua tangu zamani. Mimi ndiye niliyekuwa naogopa. Nenda, ila kama ni kuchekesha, uwachekeshe kweli."

Filamu ilionyeshwa katika ukumbi wa mji Septemba 2005. Watu walicheka hadi machozi, na hakuna aliyemdharau. Nina hakika, kwa sababu nilikuwa nikiwachunguza na mkoba wangu ulikuwa tayari kumshukia wa kwanza. Nilijivunia ndugu yangu usiku ule, na ninajivunia hadi leo.

Februari 2023 aligundulika kuwa na saratani ya ini. Alitibiwa Geelong, ambako aliwauliza wauguzi habari za mabomba yao zaidi kuliko za dawa zake. Alifariki nyumbani tarehe 3 Agosti, Glenys akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane wake Glenys, mimi dada yake Merle, binti yake Tegan, mkwe wake Rohan, na wajukuu wawili. Wenye kampuni jirani walijitolea kuleta vyoo vya msiba huu bure. Tegan aliwashukuru, akakataa. Vya baba yake amevileta mwenyewe alfajiri, akavisugua kimoja kimoja, akasema wageni wa baba yake atawahudumia yeye.

Kazi umeimaliza, Lindsay. Pumzika kwa amani.