Shangazi Blanketi na Viumbe Waliomjibu

Ndugu waombolezaji, kwa idhini ya familia, mimi mtoto wa kaka yake nasimama kuwasomea maisha ya shangazi yetu, ambaye nyote mlimwita Shangazi Blanketi, na naomba radhi mapema iwapo sauti yangu itachangamka, kwani maisha haya hayasomeki kwa unyonge.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Aprili 1952, nyumba ya tatu kutoka ufukweni, akiwa kitinda mimba, akamaliza sekondari mwaka 1970, akahitimu upigaji picha za eksirei mwaka 1973, na kutumikia chumba cha giza cha hospitali ya bandarini hadi alipostaafu mwaka 2007.

Tarehe 20 Desemba 1977 aliolewa na fundi cherehani, wakajaaliwa binti na mwana. Na ni fundi huyo aliyemshonea, mwaka 1996, blanketi jeusi la kujifunika juu ya madimbwi ya miambani maji yakipwa, ili mchana uwe giza, awamulike viumbe kwa tochi ya zambarau na kuwapiga picha waking'aa, ingawa neno hilo alilikataa katakata, akisema taa ndiyo hung'aa, viumbe hujibu.

Picha yake ya kwanza, ya mnyoo mwembamba wa buluu asiyejulikana, ilibandikwa ukutani kazini, hata madaktari wakampongeza, kumbe ulikuwa uzi mweupe wa pindo la blanketi, ambao sabuni ya kufulia huufanya ujibu kwa buluu chini ya tochi ile. Basi tarehe 12 Agosti 1999, alipomwona konokono asiye na gamba akijibu kwa wekundu wa kaa la moto, na filamu imekwisha, wenzake walimuuliza kama siku hizi mumewe anashonea uzi mwekundu. Alicheka nao, lakini neno lile lilimkaa kooni, akamsaka konokono yule miaka ishirini na mitatu.

Mwaka 2021 figo zilianza kushindwa, na Januari mwaka huu wa 2023 daktari alimkataza kwenda miambani. Tarehe 22 mwezi huo huo binti yake alimbeba mgongoni hadi miambani, mumewe akashika blanketi, lililokwisha kushonwa upya kwa uzi mweusi, na saa tano asubuhi tukamsikia humo ndani akituamuru tunyamaze, kisha akapiga kelele kuliko sisi sote.

Alifariki tarehe 3 Februari, saa mbili asubuhi, nyumbani kwake, na picha ya konokono wake, aliyoipiga asubuhi ile, ndiyo hiyo mnayoiona juu ya jeneza, nyekundu, imetulia, na anayetaka kutafuta uzi, karibu autafute.

Tunamshukuru daktari, aliyekataza huku akijua hatatiiwa, majirani waliokesha nasi, na wenzake wa eksirei, ambao jana walibandika nakala ya picha hii pale pale ilipobanduliwa ile ya uzi.

Shangazi, ulimulika, umejibiwa. Sasa pumzika kwa amani.