Kuni Tulizopikia Chai

Ndugu zangu na dada zangu, mtu akisimama hapa mbele huanza na Bwana asifiwe, nyinyi mnaitikia Amina, halafu mambo yanaendelea. Leo hiyo salamu nimeiweka mpaka mwisho. Nikimaliza nitaisema, na mkiona inafaa kuniitikia, mtaniitikia. Ombi la pili: msinipigie makofi. Mara ya mwisho mlinipigia mengi sana.

Mnanijua. Mimi ni fundi wa mawe. Nusu ya vyoo vya mtaa huu nimejenga mimi, na ukuta wa kanisa upande ule wa kwaya ni kazi yangu, ndiyo maana umepinda kidogo. Chekeni tu, chekeni sasa, huko mbele hakuna kicheko. Wazazi wangu walitoka Meru, lakini mimi nilizaliwa hapa Isiolo, nikacheza na watoto wa Waborana mpaka lugha yao ikaniingia kabla ya Kiingereza. Hiyo lugha ndiyo ilinipeleka safari ya misheni. Kanisa lilipotaka watu wa kuvuka mpaka pale Moyale, waingie Ethiopia kuwajengea maskini nyumba, mchungaji alisema tunahitaji fundi na tunahitaji mtu wa kutafsiri. Mimi nikawa wote wawili. Siwafichi, kichwa kilivimba.

Tulipewa familia ya mama mmoja mjane, Mgabra, na binti yake wa mwisho. Wagabra ni watu wa ngamia, na lugha yao ni ile ile ya Waborana. Nyumba yake ilikuwa ya fito zilizopindwa, zimefungwa kwa kamba za ngozi, juu zimefunikwa mikeka. Watu wakihama, nyumba inafunguliwa, inapakiwa kwa ngamia, inaenda nao. Ya huyu mama ilikuwa nyeusi ndani kwa moshi wa miaka, na mikeka imetoboka. Niliiangalia kwa jicho la fundi nikaona takataka.

Mama mwenyewe alitukaribisha vizuri. Alitaka nyumba ya mabati, msifikirie hakuitaka. Alituonyesha mahali kwa fimbo yake. "Jengeni pale, kando ya boma la mbuzi. Nitaweka mahindi yasinyeshewe." Tukakubaliana. Hakusema popote kwamba tuguse ile nyingine.

Sasa sikilizeni nilipoanza kuanguka. Kwa simu nilikuwa nimeona zile video za mtu anafunikwa macho, anafunuliwa, anaona nyumba mpya, anaanguka chini kwa furaha. Nikataka na sisi tupate hiyo. Siku hizo dada wawili wa timu yetu, wauguzi, walikuwa wanampeleka mama na binti yake mjini wakapimwe macho, walale huko mpaka kesho yake. Nikaona nafasi ndiyo hiyo. Lakini ile nyumba ya fito ilisimama karibu na mjengo wetu, na kila nikijaribu picha, inatokea kwa kona. Ingeniharibia picha. Nikawaambia wenzangu, "Hiyo bomoeni. Akirudi atakuwa na haja nayo gani?"

Mama jirani alikuja mbio, leso imeanguka mabegani. Akaniuliza kwa lugha yake, "Mwenyewe umemuuliza?" Nikamwambia, "Ndiyo, amekubali." Ndugu zangu, hata sikutafuta huo uongo. Ulikuwa tayari mdomoni.

Kuni kule ni shida. Na hizo fito zilikuwa hapo chini, kavu kabisa, zimekunywa moshi na mafuta. Tukazikatakata, tukapikia chai siku hiyo, na kesho yake tena. Ziliwaka vizuri ajabu. Mmoja wetu akasema tungepata kuni kama hizi Isiolo tungesahau makaa. Tukacheka, mimi nikicheka kuliko wote.

Mama akarudi. Tulimfunika macho kwa kitambaa, tukaimba, nikamshika mkono nikamleta mpaka mbele ya mabati yanayong'aa, simu zote zimeinuliwa. Tukafunua. Aliangalia mabati, akainamisha kichwa kwa shukrani. Halafu akageuka kutafuta nyumba yake. Akageuka tena upande ule mwingine, kama mtu anayedhani amepelekwa boma la wenyewe. Dada mmoja akamletea kikombe cha chai. Mama ni mtu wa heshima, hawezi kukataa chai ya mgeni. Akanywa funda moja.

Hapo ndipo akaona moto. Chini ya sufuria kulikuwa na kipande cha ufito kimebaki na kamba yake ya ngozi. Aliweka kikombe chini, akaingiza mkono, akakitoa kikiwa kinawaka. Alikizima kwa mchanga. Akakaa chini nacho mapajani, akalia. Na simu zinapiga picha.

Akasema neno moja, akiniangalia mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyejua lugha. Alisema, "Nyumba ya binti yangu ndiyo mnapikia chai?"

Mchungaji akaniuliza, "Anasema nini?"

Nikasema, "Anasema Mungu awabariki."

Timu nzima ikajibu Amina.

Nipeni dakika kidogo. Asante, mama, maji yanatosha.

Wacha niwaeleze kitu ambacho mimi nilikijua nusu, na hiyo nusu sikuijali. Kwa hao watu nyumba ni ya mwanamke. Binti akiolewa, mama yake anafungua nyumba yake mwenyewe, anatoa fito na mikeka, binti anaenda nazo kujengewa kwake. Naye mama alipewa na mama yake hivyo hivyo. Huyo binti alikuwa amechumbiwa, na harusi ilikuwa imekaribia. Bila fito za mama, bibi arusi hana nyumba ya kuingia. Harusi ikasimama siku ile, na sisi tukapanda gari tukarudi nyumbani tukiimba.

Jumapili iliyofuata nilisimama hapa hapa. Mnakumbuka? Picha ya yule mama akilia iliwekwa ukutani kubwa, nikasema, "Tazameni machozi ya furaha." Mkasimama. Mkapiga makofi mpaka watoto wakaamka. Baadaye picha ikachapishwa mgongoni mwa fulana za safari, na nyingine ikatundikwa pale juu ya mlango wa kwaya. Iko pale mpaka leo. Najua hata bila kugeuka.

Basi nikaanza kuoza. Kwanza nilihama kiti, nikakaa nyuma ya nguzo ili picha isinione. Halafu nikaacha kuja, nikasema mgongo unauma. Kazi nikawa nazikataa, nikiambiwa bomoa ukuta huu wa zamani naweka nyundo chini. Na chai ikanishinda. Mimi, mtu wa Meru, chai inanishinda! Nikiiona inachemka natoka nje. Mke wangu akadhani nina vidonda vya tumbo, akasema jaribu maziwa ya ngamia. Ndiyo nikaanza kwenda soko la maziwa kila asubuhi.

Siku moja nguo zote zilikuwa kwa maji, nikavaa ile fulana. Mama ninayenunua maziwa kwake ni Mwislamu. Namsalimia salaam aleikum, ananijibu vizuri, ananiongezea kidogo juu ya kikombe. Siku hiyo nilipogeuka kuondoka akaniita.

"Baba, simama. Huyu mama umembeba kwa mgongo, alifiwa na nani?"

Nikasema hakufiwa, alifurahi, tulimjengea nyumba.

"Wacha maneno. Mimi nimezika watoto wawili. Hayo macho nayajua."

Nikakaa chini kati ya mitungi ya maziwa, nikamwambia kila kitu. Alikuwa mtu wa kwanza. Nilitegemea angenihurumia. Aliendelea kupima maziwa ya watu mpaka akamaliza mstari, ndipo akasema, "Ulisafiri mpaka huko kuvunja nyumba, ukaona haitoshi ukamvunja na maneno yake."

Nikamuuliza kama hizo fito zinauzwa mahali, ninunue nipeleke. Akanicheka kwa uchungu. "Duka gani? Hizo zinaombwa kwa wanawake." Akaniambia mama mkwe wake yuko Kulamawe, na huko kuna wanawake wa Kigabra walioolewa. "Lakini hawataongea na wewe mambo ya nyumba yao. Njoo na mke wako. Na umwambie mwenyewe kwanza, asije akasikia kwa watu."

Kumwambia mke wangu kulikuwa kugumu kuliko kuwaambia nyinyi. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaenda kwa kamba, akaanua fulana yake ya safari, akaikunja picha ikiwa ndani. Akasema, "Na mimi niliivaa hii sokoni nikijivunia." Siku tatu hakuniambia neno lingine. Siku ya nne akaniuliza lori la Kulamawe linaondoka saa ngapi.

Kule Kulamawe mimi nilikaa nje juani, wanawake walikaa ndani na mke wangu na mama wa maziwa. Nilisikia sauti zinapanda, nikasikia mmoja akinitukana, na alikuwa na haki. Baadaye wakaanza kutoka mmoja mmoja. Kila mmoja aliingia kwake, akafungua kamba, akachomoa ufito mmoja kutoka nyumba anayolala. Bibi mmoja mkongwe alitoa mbili. Akaniambia, "Hizi usipikie." Hakuwa anatania.

Nikaenda Moyale na mzigo huo juu ya lori la unga. Pale mpakani afisa alinicheka, "Mzee, unavusha kuni?" Nikamwambia hizi ni nyumba ya mtu. Akaniangalia sana, akanipisha.

Yule mama alinikuta nimesimama nje ya boma lake. Ile nyumba yetu ya mabati ipo, ina mahindi ndani na vitoto vya mbuzi, na mchana ni joto la tanuri, hakuna mtu analala humo. Yeye na binti walikuwa wanalala kwa jirani, yule yule niliyemdanganya. Niliweka fito chini. Nilikuwa nimejiandaa kuhubiri, lakini nikapiga magoti tu.

Aliuliza, "Siku ile, hao watu wako uliwaambia nimesema nini?"

Nikamwambia. "Niliwaambia umesema Mungu awabariki."

Alishika fito moja moja, akanusa moshi wake, akauliza kila moja imetoka kwa nani, nami nikamweleza. Mwishowe akasema, "Hizi ni za mama za wengine. Za mama yangu hazitarudi." Akazifunga pamoja. "Lakini binti yangu ataolewa. Na wewe rudi kwenu, uwaambie nilisema nini."

Wanawake wa pale waliongeza zao, wakashona mikeka. Mimi niliomba kusaidia, mimi fundi, wakanifukuza kama kuku. Kujenga nyumba ni kazi yao. Niliruhusiwa kitu kimoja: kupika chai yao. Kuni nilizitafuta mwenyewe, mbali, nikazibeba kwa kichwa. Na jioni moja yule mama alinipa kikombe, akaniambia kunywa. Nikanywa. Ndiyo chai yangu ya kwanza tangu siku ile. Binti aliolewa, nyumba yake ilipanda ngamia ikaondoka, niliiona kwa macho yangu.

Nashukuru mama wa maziwa, ambaye leo amekubali kuja kukaa pale nyuma ingawa hapa si mahali pake pa ibada. Nashukuru wanawake wa Kulamawe wanaolala chini ya nyumba zenye pengo kwa sababu yangu. Nashukuru mke wangu. Nashukuru mchungaji, nilimdanganya mbele ya watu na bado amenipa hii nafasi.

Na nyinyi mnaojiandikisha safari ijayo, nendeni. Watu wanahitaji nyumba kweli. Lakini nawaomba, mmuulize mwenyewe kabla ya kugusa kitu chake, hata kama kwa macho yenu ni takataka. Na mtu akilia mbele yenu, msimalize sentensi yake kwa mdomo wenu.

Nimetumwa, na nimefikisha. Alisema, "Nyumba ya binti yangu ndiyo mnapikia chai?" Hivyo ndivyo alisema. Hakutubariki.

Sasa mzee wa kanisa, nisaidie hicho kiti nipande. Nataka kuishusha ile picha mwenyewe. Shikilia vizuri. Mgongo ni mzima, haukuwahi kuuma. Hapo. Imetoka.

Bwana asifiwe.