Goti la Ergash Kabla ya Harusi

Nyumba ya chai ya mtaa wa wafuma hariri, mjini Margilan, ina kitanda kipana cha mbao chini ya mforsadi. Wazee wa mtaa hupanda hapo asubuhi, wakakunja miguu, wakaweka birika katikati, na kazi ya kuirekebisha dunia ikaanza. Siku hiyo Ergash, aliyekanyaga mashine ya kufumia miaka arobaini, hakuwa na raha. Jumapili alikuwa anamwoza mjukuu wake Muqaddas. Baba wa binti alishafariki, na babu ndiye aliyeahidi kucheza naye mbele ya wageni. Sasa goti la kulia lilikuwa limegoma, miezi mitatu sasa.

— Jana nimekwenda kwa daktari, alisema, akitoa karatasi. Daktari gani yule! Hajaandika hata kidonge.

Redio, aliyepewa jina hilo kwa kutozimika, aliinyakua.

— "Gegedu limelika. Punguza kilo kumi. Tembea kidogo kila siku. Kaza misuli ya mapaja. Usikunje magoti muda mrefu." Basi? Hii si dawa bana, ni adhabu!

— Lete hapa, alisema Bingwa, mpiga mieleka wa zamani. Akaikunja karatasi, akaisokomeza chini ya birika lililokuwa linayumba. — Angalau imefaa kitu. Kaka Ergash, huo ni upepo. Ulilala darini kiangazi, upepo ukaingia gotini ukakosa pa kutokea.

— Na goti lako wewe? aliuliza Redio.

— Langu la heshima. Niliumia siku nilipoliangusha lile jitu la mji wa Andijan.

— Uliliangusha au lilikuangukia?

— Wee Redio, nyamaza! Ergash, paka mafuta ya mkia wa kondoo.

— Nimepaka. Paka wa mtaa mzima wamenifuata nyumbani.

— Mnapoteza muda, alisema Redio. Mtaa huu umeinama. Tangu wachimbe ule mtaro, wote tumelalia kulia. Ndiyo maana goti la kulia.

— Mbona langu la kushoto? aliuliza Bingwa.

— Wewe unakaa umegeukia ukutani!

Wakaangua kicheko. Ergash naye alicheka, lakini moyo ulimuuma. Akilini alimwona Muqaddas amesimama peke yake katikati ya wageni.

Hapo muuza matikiti, mgeni mtaani na mkubwa kuliko wote kwa umri, akaegesha baiskeli yake iliyosheheni, akaomba chai.

— Birika tupu, mzee wetu, alisema Redio. Ergash, kalete maji.

— Kwa goti hili?

— Basi Bingwa.

— Na goti la Andijan?

Mzee akaitazama miguu yao iliyokunjwa.

— Samahani wenyeji. Tangu asubuhi mmeinuka mara ngapi?

Redio akageukia kikombe chake.

Ergash akavuta karatasi chini ya birika, akaisoma upya, imelowa chai. Akashusha miguu polepole. Goti likalia kwa sauti hata Bingwa akashtuka. Akachukua birika, akachechemea hadi jikoni, akarudi nalo linafuka moshi. Akawapita. Akauzunguka mforsadi.

— Wewe! Chai unaipeleka wapi?

— Zimebaki siku nne, alisema Ergash, akianza mzunguko wa pili. Anayetaka kunywa anifuate.

Bingwa akaanza kutafuta viatu vyake.